Njia za kinga: nani aliijenga barabara ya Maniema, na magari yake yalienda wapi

Juma lililopita nilikuwa bandarini Alunguli, nikingoja mtumbwi wa kurudi Kasuku. Kando yangu aliketi mama mmoja aliyetoka upande wa Shabunda na watoto wake wanne. Alikuwa juu ya godoro lililofungwa kwa kamba za mpira wa baiskeli. Nilidhani ataniuliza wahamaji wanaandikishwa wapi, au chakula kinagawiwa siku gani. Swali lake likawa jingine kabisa. Alitaka kujua mbona siku zote walizotembea msituni walikuwa wakiona nguzo za madaraja ya zamani, mitaro iliyochimbwa na watu wenye ujuzi, vijiji vilivyopangwa kwa mstari, lakini gari halikupita hata moja. Barabara ile ilijengwa na nani, na magari yake yalienda wapi?

Nilimjibu kwa maneno machache kwa kuwa mtumbwi ulikuwa umefika. Leo namjibu kwa urefu, yeye na wengine wote wanaotusikiliza wakiwa mbali na kwao. Mapema niseme kwamba haya ni mambo ya historia. Anayetaka kujua kama njia fulani ina usalama leo asinitegemee mimi, aulize waliopita jana.

Nimesikia kwamba huko Ulaya na Marekani wako watu wanaonunua baiskeli za bei kubwa ili wapande vilima kwenye njia za changarawe ambako magari hayapiti. Wanafanya hivyo siku za mapumziko, na wana ramani za njia hizo. Siwacheki. Ila kwa njia za namna hiyo jimbo letu lingeweza kuwauzia dunia nzima: changarawe ipo, vilima vipo, hasa ukielekea Pangi na Kabambare ambako nchi inaanza kupanda kuelekea milima ya Kivu, na magari hayapo. Tofauti ni kwamba sisi hatukuzichagua. Na kinga, kama wengi wetu tunavyoiita baiskeli, hapa haikuwa mchezo hata siku moja.

Turudi nyuma kabisa. Kabla ya barabara palikuwa na njia ya miguu, na njia ya miguu ya Maniema ilijulikana hadi Zanzibar. Wafanyabiashara wa pwani walifika Lualaba katika miaka ya 1860 wakifuata pembe za ndovu. Nyangwe, kwenye ukingo wa mto, ukawa mji wao wa soko. Kasongo ukawa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wazee wetu wanamtaja kwa jina la Tippu Tip. Njia yao kubwa ilitoka Nyangwe na Kasongo, ikavuka Luama, ikapita Kabambare, ikashuka hadi ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya ziwa ikaendelea Ujiji, Tabora, na mwisho wake Bagamoyo baharini. Kwa njia hiyo tulipata mchele, ambao mpaka leo ni chakula cha fahari cha Kasongo. Tulipata Kiswahili hiki ninachokiandika, na Uislamu. Kwa njia hiyo hiyo watu wetu walitolewa wamefungwa shingoni. David Livingstone alikuwa Nyangwe tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara hao walipowafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuwa sokoni, na mamia walikufa, wengi wakizama mtoni walipojaribu kukimbia. Mtu anayesifu misafara ile bila kulitaja soko la Nyangwe anasimulia nusu ya habari.

Naomba mshike jambo moja kuhusu njia hiyo, maana litarudi. Upana wake ulikuwa wa mtu mmoja. Msafara wa watu mia tano ulikwenda kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenzake, na mpagazi mzima alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na kitu.

Mwaka 1892 vilianza vita kati ya majeshi ya Mfalme Leopold na hao waungwana. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo mwezi uliofuata. Mji wa kale wa Kasongo leo tunauita Tongoni, na jina lenyewe linatosha. Bendera ilibadilika, mzigo ukabaki kichwani. Tena ukaongezeka mpya: mpira.

Hapa pana jambo linalonishangaza kila nikilifikiria. Mwishoni mwa miaka ya 1880, mjini Belfast, daktari wa wanyama aitwaye John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la mpira lenye upepo ndani, kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Miaka michache baadaye Ulaya nzima ilikuwa inapanda baiskeli, na kila baiskeli ilihitaji matairi mawili. Mpira huo ulitafutwa katika misitu, na misitu ya Kongo ilikuwa mikononi mwa mfalme mmoja asiyeulizwa na mtu. Babu zetu walilazimishwa kukata mitambaa ya mpira porini, na aliyepungukiwa aliona cha moto: viboko, wake kushikwa rehani, vijiji kuchomwa. Basi baiskeli ilitujia kwanza kama deni, miaka mingi kabla ya mtu wetu yeyote kuipanda.

Baada ya Ubelgiji kuichukua Kongo mwaka 1908, likaja suala la usafiri. Wabelgiji walitegemea mto na reli. Kampuni ya reli ya maziwa makuu, CFL, iliyoanzishwa 1902, ilijenga vipande vya reli pale ambapo mto una maporomoko. Kipande cha Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, kilianza kazi mwaka 1911, na kwa kweli ndicho kilichoifanya Kindu kuwa mji. Juu yetu palikuwa na reli, chini yetu palikuwa na meli hadi Ubundu, ambao wakati huo uliitwa Ponthierville. Mwaka 1915 reli nyingine kutoka Kabalo ikafika Tanganyika. Mzigo wa Kindu sasa ungeweza kufika ziwani bila kichwa cha mtu.

Lakini reli ilipita upande mmoja tu wa nchi. Kwa kwingine kote zilitakiwa barabara, na barabara zilijengwa na wenyeji kwa nguvu. Hili ndilo jibu la sehemu ya kwanza ya swali la yule mama. Mitaro aliyoiona ilichimbwa kwa jembe na watu wa vijiji vile vile, kazi ya lazima ambayo wakati wa vita vya pili vya dunia ilifikishwa hadi siku 120 kwa mwaka. Na vijiji vilivyopangwa kwa mstari? Wengi wanafikiri babu zetu walipenda kukaa kandokando ya barabara. La. Watawala waliwaamuru watoke walikokuwa msituni na kwenye vilima wajenge barabarani, wapate kuhesabika, kutozwa kodi na kuitwa kazini. Kila kipande cha barabara kilikuwa na watu wake, makantonye, waliokata majani, wakafungua mitaro na kujaza mashimo kila juma. Barabara ya udongo katika nchi ya mvua kama yetu inaishi kwa sababu hiyo moja. Maji yakikosa pa kupita kando, yatapita katikati, na msimu mmoja unatosha kuchimba korongo.

Wa pili waliozitunza barabara walikuwa watu wa migodi. Symétain ilianza Kalima mwaka 1932 kuchimba bati, na makampuni mengine yalifuata Kampene, Punia na kwingineko. Kamio zao zilishusha madini hadi Kindu yapakiwe kwenye treni, kwa hiyo barabara zilipaswa kupitika, na zilipitika. Wazee wanaokumbuka enzi hizo wanasimulia kwamba mtu aliweza kutoka Kalima asubuhi akala chakula cha mchana Kindu. Wakati wa uhuru, mwaka 1960, Kongo nzima ilihesabiwa kuwa na barabara za zaidi ya kilomita 140,000, nyingi zikiwa za udongo kama hizi zetu.

Zilikufaje? Watu hupenda kujibu kwa neno moja, vita. Mimi sikubali. Uasi wa Wasimba mwaka 1964 uliharibu mengi, Kindu ilishikwa Julai na kukombolewa Novemba, lakini baada yake kamio zilirudi. Kilichoziua barabara kilikuja polepole. Makantonye waliacha kulipwa. Office des Routes iliundwa 1971, lakini ofisi isiyo na mafuta wala greda inabaki kuwa ofisi. Zaireanisheni ya 1973 iliwaondoa wafanyabiashara wa kigeni waliokuwa na maduka na kamio huku mikoani, na wengi waliopewa mali zile waliziuza vipande vipande. Makampuni ya migodi yaliungana kuwa SOMINKI mwaka 1976 na yakaendelea kutengeneza barabara zao. Kisha Oktoba 1985 soko la bati la dunia likaanguka. Watu waliokaa London wakibishana juu ya bei hawakuwahi kusikia jina la Kalima, ila tangu mwezi ule fedha ya kufungua mitaro ya Kalima ilianza kukauka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 SOMINKI yenyewe haikuwepo tena. Vita vya 1996 vilipoingia vilikuta barabara zinakoroma tayari.

Hapo ndipo kinga ilipoingia kazini, na hapa nataka kukawia kidogo, kwa sababu wapiga kinga hawajaandikwa vya kutosha.

Baiskeli zenyewe zilikuwa zile nzito za chuma, Phoenix za China au Hero za India, nazo hazikutumiwa zilivyotoka dukani. Fundi aliongeza vyuma kwenye uma wa mbele, akaimarisha sehemu ya nyuma ya kubebea mzigo, akaondoa vitu visivyo na kazi. Pedali ziliweza kutolewa kabisa, maana kwenye safari ndefu mtu hapandi, anasukuma. Fimbo moja ilifungwa kwenye usukani ikatokeza pembeni, hiyo ndiyo ya kuongozea. Nyingine ilisimama nyuma ya kiti, hiyo ya kusukumia. Mtu anatembea ubavuni mwa mzigo kama anayeongoza ng'ombe. Breki ikiisha, kipande cha ndala au cha tairi la zamani kinakandamizwa kwa mguu kwenye gurudumu. Tairi likipasuka na kiraka hakuna, linajazwa majani na kufungwa kwa kamba mpaka kijiji cha mbele.

Baiskeli iliyotengenezwa hivyo hubeba kilo 150, na wenye misuli hupita hapo. Hesabuni wenyewe: mzigo wa wapagazi wanne au watano wa Tippu Tip ukisukumwa na mtu mmoja. Kushuka mjini zilikuja bidoni za mafuta ya mawese, mchele, karanga, kuku wakining'inia kichwa chini, mbuzi amefungwa juu kama abiria. Kupanda zilikwenda chumvi, sabuni, vitenge, makayabu, betri, dawa, daftari za shule. Kindu hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 200, na kwa kinga iliyojaa ilikuwa safari ya juma zima kama mvua ina huruma. Wengine walitoka mbali zaidi, hadi Tanganyika. Mwandishi mmoja Mwingereza, Tim Butcher, aliyepita kwa pikipiki kutoka Kalemie hadi Kindu mwaka 2004, aliandika katika kitabu chake jinsi alivyokutana porini na watu wanaosukuma baiskeli za mafuta ya mawese kwa mamia ya kilomita, wakati gari lilikuwa halionekani kabisa.

Kilima ndicho kilichokuwa mwalimu wa kazi hiyo. Mtu hakusafiri peke yake. Walikwenda watatu, watano, kumi, na mlimani waliacha baiskeli zote chini, wakapandisha moja kwa mikono ya wote, wakashuka kuchukua ya pili. Ndiyo kusema kila kilima walikipanda mara tano wakiwa watano. Mzee mmoja wa hapa Alunguli, aliyesukuma tangu ujana wake mpaka magoti yakamkatalia, aliniambia kwamba mtu aliyepandisha yake na kuondoka bila kusaidia wenzake hakulala tena kwenye kambi ya wapiga kinga popote, habari zake zilimtangulia. Aliniambia pia kwamba kushuka ndiko kulikoua watu, kupanda kulichosha tu.

Na kidogo kidogo barabara yenyewe ilibadilika. Msitu uliingia kutoka pande zote mbili, madaraja ya chuma na mbao yakaanguka yakabaki magogo mawili matatu, na ile barabara ya kamio ikasinyaa hadi ikawa mchirizi mmoja katikati, laini, uliong'arishwa na matairi. Upana wake? Wa mtu mmoja. Maniema ilirudia njia ya msafara, mara nyingi juu ya mstari ule ule.

Nani alikata majani ya mchirizi huo? Wanakijiji. Nani alilaza magogo kwenye kijito? Wanakijiji tena, nao wakaweka kamba na kuomba kitu kidogo kwa anayevuka. Hilo sioni kosa lake, mtu ametengeneza daraja, alipwe. Bariera za wenye bunduki zilikuwa jambo jingine. Mimi mwenyewe nikiwa kijana niliwahi kusukuma mara mbili na mjomba wangu, tukapoteza bidoni nzima ya mawese kwenye bariera nne tu, mbali na kupigwa. Bei ya chumvi mwisho wa safari ilikuwa na bariera hizo zote ndani yake, na aliyezilipa ni mama wa kijijini anayenunua kijiko kimoja kimoja.

Ndiyo maana nasitasita watu wanapoisifu kinga kama ushujaa. Ushujaa ulikuwepo. Lakini mgonjwa aliyefungwa kwenye baiskeli kwa siku tatu kuitafuta hospitali hakuwa na habari ya ushujaa, na wanawake wengi waliojifungua vibaya walikufa kwenye michirizi hiyo.

Kati ya 1998 na 2003 hata kinga zilizuiwa. RCD waliishika Kindu Oktoba 1998, treni ilikatika, na Mai-Mai walipouzingira mji mwaka 2002 watu waliogopa kwenda hata mashambani. Kindu ilikula kwa ndege, na wasiokuwa na fedha ya bidhaa za ndege hawakula. Waliokuwa watoto hapa wakati huo wanajua ninachokisema. Palipotulia kidogo, wa kwanza kutokea kwenye ukingo wa Alunguli walikuwa wapiga kinga, kabla ya treni, kabla ya mashirika.

Baadaye zikaja pikipiki. Kwa kasi zinaishinda baiskeli mara kumi, na leo biashara kubwa ya Kalima na Kasongo iko mikononi mwa vijana wa moto. Vipande vingine vya barabara vimetengenezwa, magari yakapita, kisha mvua zikavirudisha vilikotoka kwa kuwa makantonye hawakurudi. Ukienda kaskazini kuna Elila na Ulindi za kuvuka, na hapa Kindu penyewe mto bado hauna daraja: kamio inangoja kivuko, baiskeli inapanda mtumbwi. Kwenye vilima vya ndani, ambako petroli inauzwa kwa chupa na bei yake haitajiki, kinga bado ndiyo yenye soko.

Na ndiyo waliyokuja nayo wengi wa wageni wetu. Tangu Goma na Bukavu zilipotekwa mwanzoni mwa 2025, familia zimekuwa zikiingia Maniema kwa makundi, na kabla yao walikuwepo wa Salamabila na Kabambare waliokimbia vita vyetu vya ndani ambavyo redio za mbali hazivitaji. Wamefuata michirizi ile ile, tena kwa mwendo ule ule wa kilima kwa kilima, godoro na sufuria juu, mtoto mdogo mbele kwenye chuma.

Mtumbwi wetu siku ile ulivusha baiskeli tatu. Moja ilikuwa ya kijana aliyembebea yule mama godoro lake kwa malipo tangu upande wa Pangi. Tulipofika ng'ambo alilishusha, akahesabu franga zake, akamtakia mama heri, akaingia sokoni. Jioni nilimwona tena bandarini akingoja kurudi Alunguli. Alikuwa amefunga magunia mawili ya chumvi, katoni za sabuni na furushi la daftari, akikaza kamba kwa mguu. Nilimuuliza anakwenda wapi na mzigo wote huo wakati watu wanakimbia kutoka huko. Akasema wako waliobaki, na chumvi imewaishia.